Kibodi Niliyoipakata

Kompyuta ilipoanza kuganda, ofisi nzima ilijua sababu kabla fundi hajaulizwa. Sababu ilikuwa mimi.

Hakuna aliyenitamkia usoni. Watu wetu wa Karatu wana adabu zao: watakusema mpaka masikio yakuwashe, ukitokea mlangoni wanakukaribisha chai. Na hiyo chai nilimiminiwa kweli, ila kikombe kiliwekwa mezani, mkono ukaondolewa, ndipo mimi nikakichukua. Nilikuwa nimefiwa na mtoto. Mtoto wa kwanza, tena angali ananyonya.

Kwetu Wairaqw msiba wa namna hiyo hauishii kaburini. Mama aliyefiwa hivyo anakaa kando na watu kwa muda. Anakula kwenye chombo chake, hashiki cha mwenzake, hapiti wanapopita ng'ombe wa watu, mpaka wazee waseme imetosha. Hali hiyo tunaiita metimani. Wasomi walikuwa wakisema mambo hayo yameisha, kanisa limeyafuta. Yameisha wapi? Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa pale Endabash, anasoma somo Jumapili miwani puani, na ndiye aliyeamuru bakuli langu litengwe.

Simlaumu sana. Boma lake lilijaa wajukuu, na mtu huogopea vyake. Nilichoshindwa ni kukaa. Mama mkwe alinifunga kifua kwa kanga, akakaza mpaka nikakosa pumzi, ili maziwa yakatike. Akaniambia, "Usiyakamue, yatazoea. Vumilia." Aliyasema hayo akiangalia ukuta. Basi nikawa nashinda kwenye kile chumba, kifua kinawaka moto, nawasikia watoto wakicheza uani na kukatazwa kusogea upande wangu. Mume wangu alikuwa mwalimu huko Sale, ng'ambo kabisa ya Ngorongoro. Alikuja kuzika, akalia kuliko mimi, akakaa siku chache, kisha akapanda lori akarudi kwa wanafunzi wake.

Mimi nina hasira, sikatai. Asubuhi moja niliamka, nikavaa gauni langu la kazini, nikashika njia bila kumuaga mtu, nikadandia lori la maharage mpaka Karatu. Pale nilikuwa na chumba cha kupanga na nilikuwa na kazi. Nilijiambia kwamba kompyuta haina kabila, yenyewe haitaniogopa.

Kazi ilikuwa kupiga chapa kwenye ofisi ndogo ya mradi wa maji, miaka ya themanini ikielekea mwisho. Tulichimba visima huku kwenye mashamba na kujenga majosho huko kwa wafugaji. Mkuu wetu alikuwa mtu wa Moshi, mwenye haraka na kila kitu, hata salamu aliikata katikati. Dereva alikuwa Mmaasai wa Ngorongoro, mtani asiyechoka. Halafu alikuwepo mama mmoja wa Kansay, mtu mzima, aliyekuwa akipiga taipureta tangu mimi sijaanza shule. Nilimwita Mama, naye aliniita binti. Mimi nilikuwa nimepelekwa Arusha kwenye mafunzo mafupi kwa sababu ya wepesi wa vidole vyangu, na wafadhili walipoleta kompyuta, ikawa yangu.

Waliiweka juu ya meza ambayo seremala aliikadiria kwa macho. Ilikuwa juu mno, ukichapa nusu saa mabega yanalia. Kwa hiyo tangu mwanzo nilizoea kuivuta kibodi kwa ule waya wake uliojisokota na kuipakata mapajani. Niliporudi kutoka msibani nikaipakata vilevile. Ilikuwa nzito kidogo, na mapaja yangu yalikuwa yamezoea uzito.

Siku ya kwanza ilipoganda, nilikuwa katikati ya taarifa ya kisima. Kile kialama kinachopepesa kwenye kioo kikaanza kukimbia chenyewe kwenda kulia. Kikamaliza mstari, kikaanza mwingine, na mimi sijagusa kitu. Mashine ikalia pii, pii, pii. Halafu ikanyamaza, kioo kimetulia tuli, hata nibonyeze nini haiitiki. Hapo dawa ilikuwa moja, kuizima na kuiwasha, na ukishaizima kazi ya asubuhi nzima imekwenda.

Mkuu alianza na umeme. Wakati ule Karatu haikuwa na umeme wa nguzo, tulikuwa tunategemea jenereta, nayo tuligawana na kliniki ya watoto iliyokuwa upande wa pili wa ukuta. Na kweli, mashine iliganda zaidi siku za kliniki, siku ambazo kina mama wanajazana kwenye mabenchi na watoto wanalia kwa zamu. Mkuu akapiga paja. "Friji ya chanjo hiyo, inatunyonya umeme." Dereva akaazima jenereta ndogo kwa mwenye mashine ya kusaga, tukaipa kompyuta peke yake. Siku ya kliniki ikafika, ikaganda.

Tukahamia kwenye vumbi. Ukiijua Karatu ya kiangazi hutashangaa. Vumbi letu jekundu linaingia hata kwenye yai. Nikafuta kila tundu kwa brashi ya rangi, nikaishonea mashine kifuniko cha kitenge. Ikaganda. Nikabadilisha diski ya kuwashia. Ikaganda. Nikachomoa waya zote nikazichomeka upya, nikihesabu kila moja kwa sauti, na dereva amesimama mlangoni ananiambia, "Shemeji, hiyo mashine inaogopa Wairaqw. Niachie niichunge siku mbili tu, itashika adabu." Nilicheka. Yeye ndiye mtu pekee aliyekuwa akipokea kitu mkononi mwangu, akila mahindi tuliyogawana, bila kujipangusa.

Kisha mkuu akamwomba Mama aijaribu. Hapo ndipo nilipoumia. Mama hakukalia kiti changu. Alileta kigoda chake kutoka chumba cha pili, akaiweka kibodi juu ya meza, akaipangusa kwa kitambaa alichokitupa baadaye, kisha akaanza kuchapa kwa kidole kimoja, akipiga herufi na kusubiri aione. Nilijua kwamba nyumbani kwake Kansay mke wa mwanawe alikuwa na mimba kubwa. Alikuwa na cha kuogopa, na niliuona woga wake hadi kwenye vidole. Alichapa asubuhi nzima. Mashine haikuganda hata mara moja.

Mchana nikakaa mimi, nikaipakata kibodi yangu. Hata chai ya saa kumi haijachemka, pii, pii, pii.

Walitazamana, mkuu na Mama. Hawakujua kwamba nimewaona.

Jioni mkuu aliniita. Alikuwa akikwepa macho yangu, na kwa mtu wa haraka kama yeye alichelewa sana kuanza. "Dada, mimi sisemi naamini hayo mambo yenu," akasema. "Nasema tu kazi haiendi. Nitampata fundi wa Arusha. Akishindwa kuona kasoro kwenye mashine, itahamia kwa mwenzako, na wewe utakwenda nyumbani kumaliza taratibu zenu. Ukiwa tayari utarudi."

Nilimjibu vibaya, yasiyofaa kuandikwa. Aliniacha nimalize. Nilitoka pale, nikaenda chumbani kwangu, nikakaa kitandani na kuiangalia mikono yangu.

Kibarua sicho kilichoniumiza. Mikono hii ndiyo iliyomfunga mwanangu mgongoni asubuhi ile alipopata homa, nikatoka naye Endabash kwa miguu kumuwahisha hospitali. Alikata roho njiani, mgongoni kwangu. Mimi nikaendelea kutembea, nikifurahi kwamba amelala, kwamba ameacha kulia, nikitembea polepole nisimwamshe. Sasa, kama mikono hii ilikuwa inaua hata chuma, basi wazee walijua wanachosema, na mwanangu nilimuua mimi. Na kama si mikono, basi alikufa kwa homa, jinsi watoto wanavyokufa kila mwaka katika vijiji vyetu, na mimi ningeweza kuendelea kuishi. Nilihitaji kujua ni lipi. Nililihitaji jibu hilo kuliko chakula.

Fundi wa Arusha tulimpata kwa redio ya mawasiliano. Alikuwa na sauti ya upole, na alimaliza kila neno kwa "ova" ile ya watu wa redio, kama vile ameoana nalo. Mkuu alimweleza kila kitu, akamaliza kwa kusema kwamba inaganda mikononi mwa mtu mmoja tu. Fundi hakucheka. Akasema hilo ni jambo zuri, linampunguzia kazi. Akauliza huyo mtu anachapaje, kwa kasi au polepole, kwa vidole vingapi, amekaaje. Mkuu akanipa kile kipaza sauti, yaani alikiweka mezani na mimi nikakiokota. Nikaeleza kwamba nachapa kwa vidole vyote, na kile kitufe kirefu cha chini, cha kuachia nafasi, nakipiga kwa dole gumba la kushoto.

"Upande gani wa kitufe? Ova."

Nikasema upande wa kushoto, pembeni kabisa. Yule mwenzangu anapiga katikati.

"Basi inawezekana kinanasa hapo pembeni," fundi akasema. "Kikinasa, kompyuta inadhani umekishikilia. Inajaa nafasi tupu mpaka inalemewa, inaganda. Chomoa kibodi, igeuze, fungua skrubu, safisha kwa pamba na spiriti. Ova."

Mkuu akatuangalia sote. Hakuna aliyesogea. Mama aliangalia chini. Dereva alikuwa tayari, maskini, lakini vidole vyake vilikuwa vya kushika spana za Landrova. Nikasema nitaifungua mimi, yangu hiyo, nani mwingine ataishika? Mkuu akaniletea bisibisi na chupa ya spiriti aliyoomba kliniki, wakaniacha peke yangu chumbani.

Ilikuwa asubuhi ya kliniki. Mabenchi ya upande wa pili yalikuwa yameshajaa.

Nilianza kwa kulegeza kanga niliyokuwa bado najifunga kifuani. Hiyo ilikuwa kawaida yangu kila nilipofika kazini, maana ukifungwa vile huwezi kuchapa, huwezi hata kuinama. Juu ya gauni nilivaa sweta zito la buluu, na lilinifaa kwa baridi yetu na kwa mengine. Nilijua kwamba maziwa yananitoka. Nilikuwa nikiweka vitambaa, vikilowa nakwenda chooni navibadilisha, nikirudi nakaza sweta na mambo yamekwisha. Ndivyo nilivyodhani. Nikaiweka kibodi kifudifudi mezani, nikafungua skrubu, nikaivua mgongo. Vumbi lilikuwepo, makombo ya biskuti yalikuwepo, na mguu wa mende. Nikavipuliza. Kisha nikaigeuza, nikakibandua kile kitufe kirefu kwa ncha ya bisibisi.

Chini yake, pembeni kushoto, kulikuwa na utando. Mweupe, umeingia umanjano, umekauka na kupasuka kama sufuria ya uji isiyooshwa. Ulikuwa umeizunguka ile springi ndogo na kuibana. Wa chini ulikuwa mkavu, na wa juu ulikuwa bado unanata kidoleni.

Nikafikiria chai. Nikafikiria maziwa ya mtu aliyekunywa hapo nikiwa msibani. Nikanusa kidole changu.

Nilikuwa nikiijua ile harufu. Ilikuwa kwenye kanga zangu, kwenye shuka langu, na ilikuwa kwenye shingo ya mwanangu, kwenye mkunjo wa chini ya kidevu, ambako nilikuwa nikimpangusa na haiishi. Na wakati ule ule mtoto mmoja akalia upande wa pili wa ukuta, kilio kile chembamba cha kitoto kichanga chenye njaa, na kifua changu kikanichoma sindano pande zote mbili, nikainamisha kichwa nikaliona sweta likibadilika rangi. Tone likapita kwenye sufu, likaning'inia, likaangukia pajani kwangu, mahali kibodi ilipozoea kulala.

Nilikaa pale na bisibisi mkononi. Siku za kliniki. Haikuwa friji, wala jenereta. Watoto wa watu walikuwa wakilia na mwili wangu ukiwaitikia, haujapata habari kwamba wetu hayupo. Na mimi nimekaza macho kwenye kioo, nachapa urefu wa visima.

Nililia kwa sauti. Sijawahi kulia vile, si makaburini, si kwenye kile chumba cha Endabash. Nilikuwa nimetafuta jibu na nimelipata. Mikono yangu haikuwa na kitu. Lakini kosa lilitoka kwangu hata hivyo, na lilikuwa chakula cha mwanangu.

Mama ndiye aliyesikia. Alifungua mlango, akasimama kizingitini, akaangalia kibodi iliyovuliwa, akaangalia sweta langu. Yule mama amezaa na kulea, hakuhitaji kuambiwa. Aliweka kiganja mdomoni. Kisha akaniambia kwa Kiiraqw, taratibu, "Ni hayo?"

"Ni hayo, Mama."

Akaingia. Akachukua pamba, akailoweka spiriti, akanyoosha mkono kwenye kile kitufe. Nami nikamzuia, nikamshika kifundo cha mkono kwa nguvu. Tulishtuka wote wawili. Tangu nitoke Endabash hakuna mwanamke aliyenigusa, na sasa nilikuwa nimemshika mtu ambaye nyumbani kwake kuna mjamzito.

"Usiguse," nikamwambia. "Ni ya mtoto."

Hakuuvuta mkono wake. Niliuona woga ukimpita usoni, akaumeza. Kisha akakaa, kwenye kiti changu kile alichokikataa, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama na hakukuwa na kingine. "Basi safisha mwenyewe," akasema. "Mimi nitakaa hapa."

Nikasafisha. Ilinichukua muda kwa sababu sikutaka kumaliza. Nilianza na kile kilichonata, nikaja kwenye kilichokauka, nikakikwangua kwa ukucha badala ya bisibisi. Pamba zikawa za manjano. Nilikuwa nazikunja moja moja na kuziweka mfukoni mwa sweta, na Mama hakuniuliza ninazipeleka wapi. Nikaisugua springi mpaka ikang'aa, nikarudisha kitufe, nikakibonyeza pembeni kushoto. Kikashuka, kikapanda. Nikakibonyeza tena na tena. Kilikuwa kizima kabisa, na nilikichukia kwa uzima wake.

Tulipoiwasha mashine mkuu alikuja mbio, na dereva nyuma yake. Nikachapa ukurasa mzima mbele yao, kwa kasi, dole gumba pale pale pembeni. Haikukimbia, haikulia. Dereva akaniambia, "Shemeji, hata ng'ombe wetu hawaponi haraka hivi." Mkuu akatabasamu, halafu akakunja uso, maana kazi nyingi ilikuwa imepotea na alitaka mtu wa kumfokea.

"Kulikuwa na nini humo ndani?"

Nilifungua mdomo. Nikamtazama mwanamume yule, wa kabila jingine, mwenye saa mkononi.

"Chai," Mama akasema. "Ya maziwa. Nilimwaga mimi, mzee, nilipokuwa nafuta meza, binti akiwa msibani. Nikaona aibu kusema."

Mkuu alimgombeza. Alimgombeza vibaya, mtu mzima vile, mbele yetu: kwamba uzee haumfanyi mtu asiwe mwangalifu, kwamba amenisingizia kwa kunyamaza kwake, kwamba kuanzia leo chai ni marufuku ndani ya ofisi. Mama aliinamisha kichwa na kuitikia, "Ndiyo, mzee. Nimekosa, mzee." Nilitaka kusema. Akanikanyaga mguu chini ya meza.

Wakatoka, kila mtu kwenye shughuli yake. Mama akarudi kwenye taipureta yake, nikaisikia ikianza kugonga chumba cha pili. Mimi nikavuta kiti, nikaipakata kibodi, nikatafuta nilipoishia kwenye taarifa ya kisima. Nilikuwa nimechapa mistari michache tu yule mtoto alipoanza tena kulia, kule ng'ambo ya ukuta, na kifua kikanichoma. Nikaitoa kibodi mapajani, nikaiweka juu ya meza. Nikasogeza kiti nyuma, nikafungua sweta, nikainama, nikayaacha maziwa yadondoke sakafuni, mpaka nilipomsikia mama yake akimnyamazisha.